MALI BILA DAFTARI: KUWEKA SERVA YA MAFAILI KATIKA MTANDAO WA NDANI WA OFISI

Mazungumzo kwa watumishi wa umma na wananchi, kwa mfano wa Wilaya za Karagwe na Kyerwa, Mkoa wa Kagera

Jambo tulilokutana kulizungumza kwa jina linaonekana ni la mafundi, lakini kwa hakika linamhusu kila mwananchi anayefika ofisini kuulizia haki yake. Jambo lenyewe ni namna ya kuweka kompyuta moja ya kutunza mafaili ya ofisi nzima, ambayo mafundi huiita serva, ili kila mtumishi mwenye ruhusa ayapate mafaili hayo akiwa mezani kwake, kwa kupitia mtandao wa ndani ya jengo. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari nalo, lisipokuwa na mahali panapojulikana, hupotea vivyo hivyo.

Mfano tutakaoufuata ni wa wilaya mbili zilizo mbali na bahari yetu, mpakani mwa Tanzania na nchi jirani za Rwanda na Uganda. Hadi mwaka 2012 wilaya hizo zilikuwa moja, Wilaya ya Karagwe, yenye makao makuu yake Kayanga. Mwaka huo Karagwe ilimegwa na ikazaliwa Wilaya ya Kyerwa. Sensa ya mwaka huo huo ilihesabu zaidi ya watu laki tatu katika kila moja ya wilaya hizo. Mkulima wa kahawa wa Kaisho, mfanyabiashara wa Murongo na mzazi wa Nkwenda, ambao kumbukumbu zao ziliandikwa wakati Karagwe ingali moja, wote wakawa chini ya ofisi mpya.

Ndugu wasikilizaji, wilaya inapogawanywa, mipaka huchorwa, magari hugawanywa na watumishi hupangiwa vituo. Jalada la karatasi lakini halikubali kugawanywa. Likipelekwa huku, kule halipo. Likitolewa nakala, huzuka swali la nakala ipi ndiyo yenye barua ya mwisho. Tuchukulie mwananchi mwenye mgogoro wa mpaka wa shamba la migomba, ambaye barua yake ya kwanza iliandikwa kabla ya 2012 na ya pili baada ya hapo. Haki ya mtu huyo inategemea karatasi mbili zikutane katika meza moja. Zisipokutana, atasafirishwa baina ya ofisi mbili, naye ndiye atakayelipa nauli. Hapa Visiwani nasi tunazo Magharibi "A" na Magharibi "B", ambazo zamani zilikuwa wilaya moja. Kwa hiyo si jambo la kuwaonea wenzetu, ni jambo la kujifunza pamoja.

MAFAILI YANAKAA WAPI LEO

Katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki, barua huandikwa kwa kompyuta, lakini faili la barua hiyo halifiki masjala. Hubaki katika kompyuta ya aliyeiandika, au katika flashi iliyomo mfukoni mwake. Matokeo yake ni matatu. Kwanza, mtumishi akihamishwa, akistaafu au akifariki, sehemu ya kumbukumbu za ofisi huondoka naye. Pili, faili moja huzaa mafaili matano, moja likiitwa "ripoti ya mwisho", jingine "ripoti ya mwisho kabisa" na jingine "ripoti ya mwisho mpya", na mkuu wa idara asijue lipi la kutia saini. Tatu, flashi hutoka kompyuta hadi kompyuta, na pamoja nayo husafiri virusi.

Serva ya mafaili ni dawa ya maradhi haya matatu, kwa sharti kwamba ofisi yenyewe ikubali kuitumia.

SERVA NI NINI

Anayeijua masjala ameshaijua serva. Katika masjala kuna chumba kimoja, kabati zenye namba, karani mwenye funguo, na daftari la kuandikia nani amechukua jalada gani na lini. Serva nayo ni hivyo hivyo. Diski zake ndizo kabati. Mafolda ndiyo majalada. Orodha ya watumiaji na maneno yao ya siri ndiyo funguo. Na kumbukumbu inayojiandika yenyewe, ikiwekwa sawa, ndilo daftari la nani amefungua nini. Tofauti ni kwamba watumishi kumi wanaweza kulisoma jalada moja kwa wakati mmoja, kila mmoja kutoka mezani kwake, na jalada lisitoke kabatini.

Watu wengi hudhani kuwa jambo hili halifanyiki bila intaneti. Sivyo. Mtandao wa ndani ni waya, au mawimbi, yanayounganisha kompyuta za jengo moja au uwanja mmoja. Intaneti ikikatika, mtandao wa ndani unaendelea na kazi. Wala hakuna malipo ya kifurushi kwa kusoma faili lililomo katika chumba cha pili. Kwa ofisi za mbali jambo hili ni faida kubwa.

Wala si jambo geni. Kampuni ya Novell ya Marekani ilianza kuuza programu ya kushirikiana mafaili katika mtandao wa ofisi mwaka 1983. Mwaka 1992 Andrew Tridgell wa Australia, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Canberra, alitoa programu ambayo baadaye iliitwa Samba, inayoiwezesha kompyuta ya mfumo wa Linux au jamii yake kuzihudumia mafaili kompyuta za Windows. Programu hiyo hutolewa bure hadi leo. Kwa hiyo gharama ya serva si gharama ya leseni, bali ni ya chombo, waya na mtu wa kuitunza.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, orodha kabla ya mashine. Mkuu wa ofisi na karani wa masjala wakae pamoja waandike ofisi ina mafaili ya aina gani, nani anatakiwa kuyasoma, na nani anatakiwa kuyaandika. Kwa kawaida makundi matatu hutosha: mafaili ya wote, kama vile fomu na nyaraka za matangazo, mafaili ya idara, kama vile ardhi, elimu au kilimo, na mafaili ya siri, kama vile majalada binafsi ya watumishi. Namba za mafolda zifuate namba za majalada ya karatasi zilizokwisha kuwepo. Ofisi yenye namba mbili kwa jambo moja imejitengenezea fujo mbili.

Pili, mashine. Kwa ofisi ya watumishi ishirini au thelathini haihitajiki mashine kubwa. Kompyuta ya kawaida iliyo nzima, au kisanduku maalumu cha diski kinachouzwa kwa kazi hii, chatosha. Kuhusu ukubwa wa diski, tufanye hesabu. Ukurasa mmoja wa barua uliopigwa picha kwa rangi nyeusi na nyeupe huchukua takriban kilobaiti 100. Jalada la kurasa 100 litachukua megabaiti 10. Majalada 50,000 ya namna hiyo yatachukua gigabaiti 500, yaani nusu ya diski ya terabaiti moja. Picha za rangi hukua mara kadhaa zaidi, lakini hesabu inaonyesha kuwa kumbukumbu za ofisi ya wilaya zinaweza kuingia katika chombo cha ukubwa wa kitabu. Ziwekwe diski mbili zilizo sawa, zikiandika jambo moja kwa pamoja, ili moja ikifa nyingine iendelee.

Tatu, waya. Kila kompyuta iunganishwe kwa kebo mpaka katika swichi, na serva iunganishwe katika swichi hiyo hiyo. Kebo moja ya shaba isizidi mita 100. Swichi za leo hupitisha megabiti 1,000 kwa sekunde, kiasi kwamba lile jalada la megabaiti 10 hufika chini ya sekunde moja. Mtandao wa mawimbi unafaa kwa kompyuta za mkononi, lakini serva yenyewe iwe katika waya, na neno la siri la mawimbi lisibandikwe ukutani. Serva ipewe anwani ya kudumu, kwa mfano 192.168.1.10, ambayo ni katika anwani zilizotengwa kwa ajili ya mitandao ya ndani. Anwani ikibadilika kila siku, watumishi wataamka asubuhi wasiione serva, nao watarudi katika flashi zao.

Nne, watumiaji na ruhusa. Kila mtumishi awe na jina lake na neno lake la siri. Neno moja la siri kwa ofisi nzima ni sawa na mlango uliofungwa na funguo ukaachwa kizingitini. Ruhusa zitolewe kwa kundi, kwa mfano kundi la ardhi, ili mtumishi akihamishwa aondolewe katika kundi na kazi iishe. Aidha, ruhusa ya kusoma itengwe na ruhusa ya kuandika. Barua iliyokwisha kutiwa saini isomwe na wanaohusika, lakini isibadilishwe na yeyote.

Hapa iko tahadhari. Kompyuta za Windows na serva ya Samba huzungumza kwa itifaki iitwayo SMB. Toleo lake la kwanza ni la zamani na lina udhaifu. Mwezi Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilipita katika udhaifu wa toleo hilo, vikafunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi za dunia, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na kudai fedha ili kuyafungua. Dawa yake ilikuwa imekwisha kutolewa miezi miwili kabla, lakini wengi hawakuwa wameitia. Kwa hiyo toleo la kwanza la SMB lizimwe, programu zitiwe marekebisho kila yanapotoka, na serva ya mafaili isifunguliwe kuelekea intaneti hata siku moja.

Tano, umeme na radi. Kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera ulipata umeme wake kutoka Uganda, na wakazi wake wanajua maana ya kukatikiwa. Nasi wa Unguja hatujasahau miezi mitatu ya giza iliyoanza Disemba 2009. Diski ikikatikiwa umeme katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Iwekwe betri ya dharura, ile mafundi waiitayo UPS, na serva iunganishwe nayo kwa namna ya kujizima yenyewe kwa salama betri inapokaribia kuisha. Kisanduku cha diski mbili hutumia umeme mdogo, takriban wati 20 hadi 40, ambao hata mitambo ya jua huumudu. Karagwe si wageni wa mitambo hiyo, kwani katika miaka ya 1990 jumuiya ya KARADEA iliendesha huko kituo cha kufundisha mafundi wa umeme wa jua. Aidha, maeneo ya Ziwa Viktoria ni katika maeneo yenye radi nyingi duniani. Jengo liwe na waya wa ardhini ulio mzima. Na pale mtandao unapotoka jengo moja kwenda jingine, itumike nyuzi ya kioo badala ya kebo ya shaba, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme wa radi.

NAKALA YA AKIBA

Ndugu wasikilizaji, hatua ya sita ndiyo iliyo nzito kuliko zote, nayo ni nakala ya akiba. Wapo wanaodhani kuwa diski mbili ndani ya serva ni akiba tosha. Si akiba. Mtumishi akifuta faili kwa bahati mbaya, hufutika katika diski zote mbili kwa wakati mmoja. Mwizi akiichukua mashine, huchukua diski zote mbili. Diski mbili hulinda dhidi ya kufa kwa diski moja, basi.

Kanuni inayofuatwa na wengi ni ya tatu, mbili, moja: faili liwe na nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na nakala moja iwe nje ya jengo. Umuhimu wa kuwa nje ya jengo, watu wa Kagera waliuona kwa macho yao. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa huo. Watu walipoteza maisha, maelfu ya nyumba ziliharibika, na shule kongwe za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibiwa kiasi cha kufungwa. Hapa kwetu, tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilianguka na kuua. Jengo linapoanguka, haliulizi ndani yake mna nakala ngapi.

Hapo ndipo undugu wa Karagwe na Kyerwa unapoweza kugeuzwa kuwa faida. Serva ya mtandao wa ndani haivuki milima. Iliyopo Kayanga haionekani Kyerwa, wala haifai kufanywa ionekane kwa njia za mkato. Kila ofisi iwe na yake. Lakini kila wiki diski moja ya nakala, iliyofungwa kwa neno la siri ili akiiokota mtu asiweze kuisoma, yaweza kutoka Kayanga kwa gari la ofisi na kulala katika kabati la chuma la Kyerwa, na ya Kyerwa ikalala Kayanga, kwa saini za makabidhiano kama ilivyo kwa mfuko wa barua za siri. Ikipotea ofisi moja, kumbukumbu zake zipo kwa ndugu yake. Na yale majalada ya kabla ya 2012, yaliyoandikwa katika nyumba moja, yakishapigwa picha na kuthibitishwa, yatakuwepo katika nyumba zote mbili. Jalada lililokataa kugawanywa kwa karatasi litakubali kuwa mahali pawili.

Lakini nakala isiyojaribiwa si nakala. Kila miezi mitatu achaguliwe mtu, apewe jina la faili moja, alirudishe kutoka katika diski ya akiba mbele ya mashahidi. Asipoweza, ofisi ijue kuwa haina akiba, na ijue mapema.

SHERIA NA WATU

Hatua ya saba ni sheria na watu. Kwa upande wa Karagwe na Kyerwa, kumbukumbu za umma husimamiwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Mifumo ya kompyuta serikalini inafuata Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Na habari za watu binafsi hulindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa hapa Visiwani, ofisi inayokusudia kuweka serva ipate kwanza ushauri wa Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar. Kupiga picha jalada hakuhalalishi kuchoma jalada. Karatasi huharibiwa kwa idhini tu ya wenye mamlaka ya nyaraka.

Na watu ni wawili kwa uchache. Fundi mmoja peke yake mwenye neno la siri la serva ni sawa na karani mmoja mwenye funguo zote: akiugua, ofisi imeugua. Neno hilo liandikwe, litiwe katika bahasha iliyopigwa lakiri, na iwekwe kwa mkuu wa ofisi. Karani wa masjala asiondolewe kwa hoja kuwa mashine imekuja. Fundi anajua diski imejaa kiasi gani. Karani ndiye anayejua barua hii ni ya jalada gani. Mashine bila karani ni ghala lililojaa mizigo isiyo na majina.

Isidhaniwe kuwa faida hii ni ya Serikali peke yake. Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe, KDCU, kinavihudumia vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa wa Karagwe na Kyerwa. Wilaya ziligawanyika, ushirika wa kahawa haukugawanyika. Kwa ushirika wowote wa namna hiyo, uzito wa kahawa aliyoileta mkulima, daraja lake, na malipo ya awali na ya pili aliyopokea, ni maandishi ambayo yakipotea mkulima hana ushahidi mwingine ila kauli yake. Redio za jamii, kama FADECO ya Karagwe, nazo zina vipindi vya sauti ambavyo ni hazina ya elimu ya kilimo na afya ikiwa vimewekwa mahali pamoja. Na shule isiyo na intaneti ya uhakika yaweza, kwa serva hiyo hiyo, kuwapa wanafunzi kamusi elezo ya Wikipedia kwa programu ya Kiwix, au masomo kwa programu ya Kolibri, zote zikiwa za bure na zikifanya kazi ndani ya mtandao wa shule tu.

Ndugu Viongozi na Ndugu Wananchi, serva ni chombo cha bei nafuu na kazi ya siku chache kwa fundi anayejua. Kazi ngumu ni makubaliano: kwamba faili la ofisi si mali ya aliyeliandika, kwamba mahali pake ni pamoja na panajulikana, kwamba anayelifungua anajulikana, na kwamba nakala yake imelala katika nyumba nyingine. Ofisi isiyokubaliana juu ya mambo hayo manne itanunua serva na kuendelea kutembea na flashi. Inayokubaliana itaweza kuanza hata kwa kompyuta moja iliyotumika.

Kwa hapa kwetu, yale yanayopendekezwa kwa Kayanga na Kyerwa yawezekana baina ya Unguja na Pemba, na boti zipo. Wakuu wa masjala wa ofisi za pande zote mbili wanaombwa waanze na hatua ya kwanza, ambayo haigharimu fedha: waorodheshe mafaili waliyo nayo, na mahali kila moja lilipo leo. Mwananchi akija kesho kuulizia jalada lake, anastahiki kujibiwa lilipo, na asiambiwe kuwa aliyekuwa nalo amehamishwa.